Mbegu Saba za Pinki

Nilifika Eldoret nikiwa nimekalia ndizi. Lori lilitoka kwetu, karibu na mpaka wa Uganda, kabla ya jua kuchomoza. Dereva alikuwa amepewa kuku mmoja ili anibebe. Aliniweka nyuma, katikati ya mikungu mibichi, akaniambia nisisimame hata nikiona nini. Sikusimama. Niliona mashamba ya miwa yakiisha, nikaona barabara ikianza kupanda, kisha baridi ambayo sikuwahi kuijua ikaingia chini ya shati langu na kukaa humo. Tulipasua gurudumu mara mbili. Mvua ya mawe ilitunyeshea karibu na Turbo, nikajifunika majani ya mgomba. Jioni dereva aliuliza njia ya kwenda Kimumu, akanishusha mbele ya lango la mbao nikiwa na ganzi miguuni na utomvu wa ndizi kwenye suruali yangu ya pekee.

Aliyefungua lango alikuwa Senje, ndivyo sisi tunavyomwita dada ya baba. Sikuwa nimewahi kumwona. Mama yangu alikuwa amezikwa majuma machache yaliyopita, baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi na hakuna aliyejua ni wapi, na wazee walikuwa wamekubaliana kwamba huyu dada, ambaye hakuzaa, ndiye anichukue. Alinitazama juu hadi chini.

"Umekula?"

"Nimekula ndizi."

"Hizo mbichi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya," alisema, "Mungu amenipa mbuzi."

Tangu hapo nimeishi pengi. Nimekaa Lodwar, nimekaa Voi, nimekaa Maralal miaka minne nikifunga nyaya za ua. Sijui kukaa. Juzi, katika hoteli moja ya Isiolo, msichana wa jikoni alikata tango kwenye meza ya jirani, na ile harufu ya maji ya kijani ikanikuta na chai mdomoni. Nyinyi wa rika langu mnajua jinsi kitu kidogo kinavyoweza kukushika shati kutoka nyuma. Nikaacha chai, nikatoka nje. Nilikuwa nimeiona tena ile bustani ya Kimumu, na rundo la mawe kando yake.

Bustani haikuwa yetu. Ploti ilikuwa ya Mwalimu, mzee Mkalenjin aliyestaafu ualimu, mrefu, mwenye koti la sufi alilovaa hata jua likiwaka. Yeye alikaa nyumba kubwa ya mbele. Senje alikaa chumba cha mabati kule nyuma, analinda ploti, na badala ya mshahara alilima kile kipande cha nyuma, akauza mboga mjini. Kipande hicho ndicho kilichotulisha. Bila hicho hakukuwa na sababu ya sisi kuwa pale, na kila mtu alilijua hilo, hata mimi. Majirani, ambao walikuwa wakimwita Senje "yule mama wa nyuma", walianza kumwita Mama Kijana nilipofika. Nilimwona akitabasamu peke yake mara ya kwanza alipoitwa hivyo, amegeukia ukuta.

Shida ilikuja pamoja na Ezra, mtoto wa mwisho wa Mwalimu, aliporudi kutoka Nairobi. Ezra alitaka kujenga vyumba vya kupangisha pale penye bustani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka ya mtu mwingine ni kitu cha kutisha ukiwa huna pa kwenda. Siku moja lori lilikuja likamwaga mawe ya msingi kando ya ua wetu, juu ya tuta letu la dania. Senje aliinama akaokota majani yaliyosalimika. Jioni Mwalimu akatuita mlangoni kwake, ameshika paketi ndogo inayong'aa, yenye picha ya tango refu lililonyooka kama rula.

"Mama Kijana, hii ni tango ya haibridi. Mwanafunzi wangu wa zamani ameniletea. Hoteli kubwa hawataki ile tango ya kupinda, wanataka hii. Kijana wangu anasema bustani ni kupoteza ploti. Mimi nimemwambia angoje msimu mmoja."

"Asante, Mwalimu."

"Ngoja nimalize. Hii paketi yote inaingia kwa udongo. Yote. Usipunguze, usiongeze. Ukifuata vile nimesema na ikubali, Ezra hatajenga. Ikikataa, mimi sina maneno tena ya kumwambia. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Ezra alikuwa nyuma yake akila mahindi ya kuchemsha. "Na kama hatafuata?" aliuliza. Mwalimu akamkabidhi Senje paketi.

Tulifungua paketi asubuhi, juu ya ungo. Mbegu zilikuwa nyembamba, nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Lakini kati yake kulikuwa na saba za pinki. Nyinyi mliokulia upande ule hamhitaji kuelezwa. Mahindi ya mbegu huja yamepakwa rangi, na kila mtoto wa Uasin Gishu hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusoma: mbegu yenye rangi ina dawa, na dawa inaua. Kuku aliyeidonoa hufa. Senje aliwahi kuishi katika shamba moja upande wa Soy ambako mtoto wa mfanyakazi alikaanga mahindi ya pinki akala. Hakunisimulia yote. Aliniambia tu kwamba hadi leo hawezi kusikia mahindi yakidata katika sufuria.

Akazitenga zile saba kwa ncha ya kijiti. Akazitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu alisema zote," nikamkumbusha.

"Mwalimu hali tango ikiwa shambani. Wewe unakula kila kitu kibichi. Nikigeuka tu, umeng'ata." Aliziweka kwenye karatasi, akaikunja. "Hizi nyeupe zinatosha. Peleka hii chooni. Uoshe mikono na sabuni, mara mbili."

Nikapeleka. Nikaosha mara tatu.

Baridi ya kwetu, nasema kwetu nikimaanisha Eldoret, haipendi tango. Senje alilijua hilo. Alibeba udongo mweusi wa msituni ambao mtu wa Kaptagat alimletea kwa gunia, akafunika miche kwa nyasi kila jioni na kuifunua kila asubuhi, wakati wakimbiaji walikuwa wakipita barabarani kwa makundi, pumzi zikitoka puani kama moshi. Mimi nilichomeka miti ya kuparamia na kufunga kamba za katani. Mimea ilipanda juu ya kamba kwa kasi iliyonitia hofu. Ikafika kiunoni mwangu, ikafika begani. Kisha, wiki ya sita, maua ya njano yakatokea, na nyuma ya kila ua kulikuwa na tango dogo, dogo kuliko kidole changu cha mwisho, lenye vinywele, limekamilika.

Niliyaona nikiwa peke yangu. Senje alikuwa sokoni. Na mimi, kwa furaha, nikafanya jambo ambalo nyanya yangu alikuwa amenikataza tangu nikiwa natambaa: niliyahesabu kwa kidole.

Kwetu boga changa, hata tango, halionyeshwi kwa kidole. Ukitaka kulionyesha, unakunja ngumi. Ukilinyooshea kidole litaoza, litadondoka, na haijalishi wewe ni nani. Nilikuwa nimefika arobaini na kitu nilipokumbuka. Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Nikaurudisha haraka mfukoni kana kwamba kuna mtu aliyeniona. Dawa yake ni kuking'ata hicho kidole, basi nikaking'ata, nikaking'ata tena, mpaka nikaonja damu.

Siku ya tatu matango madogo yakaanza kugeuka njano kuanzia nchani. Siku ya tano yalikuwa yamesinyaa kama vidole vya mtu aliyekaa majini. Ukigusa, yanaanguka. Maua mapya yalifunguka kila asubuhi, makubwa, ya njano, mazuri, na kila moja likaja na tango lake, na kila tango likafa.

Senje alileta majivu akanyunyiza. Akapunguza maji. Akaongeza maji. Akaomba, nilimsikia, amepiga magoti kwenye matope. Hakumshuku mtu. Ingekuwa rahisi kwangu kama angemshuku jirani, kwa maana watu wengine wangemshuku. Yeye alijishuku mwenyewe. "Sijui nimekosa wapi," alikuwa akisema akisonga ugali. "Baba, sijui nimekosa wapi." Alizoea kuniita baba. Na mimi nilikula ugali ule kwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kikiwa kimevimba, nikijua ni nani aliyekosa.

"Hicho kidole kimefanya nini?"

"Mwiba."

"Mwiba gani unaacha meno?"

Nikasema nimejing'ata usingizini. Aliamini, au alikuwa amechoka kutoamini.

Ezra alianza kuja kila siku. Alipima kwa kamba kutoka ua hadi ukuta, akachomeka vijiti pembeni ya mistari yetu. Hakutugusa, hakututukana. Siku moja alichuma ua moja la njano akalinusa. "Mama Kijana," alisema, "hii si tango. Hii ni maua ya harusi." Fundi aliyekuja naye alicheka. Senje naye alicheka kidogo, kwa adabu, na hicho kicheko chake ndicho kilichonichoma zaidi. Nilianza kukunja shuka langu kila asubuhi na kuliweka kwenye mfuko, ili siku ya kufukuzwa nisichelewe.

Ijumaa moja Mwalimu alimleta Bwana Shamba, kijana mwembamba wa ofisi ya kilimo mwenye pikipiki na buti za mpira. Alipita kati ya mistari, akainamia ua moja, lingine, lingine. Alifika mwisho akarudi. Akamwambia Mwalimu, "Kesho asubuhi mapema nitarudi. Huyo Ezra asichimbe kitu kesho." Ezra alisema fundi analipwa kwa siku. Bwana Shamba akavaa kofia yake ya pikipiki akaondoka.

Alirudi umande ukiwa bado unadondoka. Alikuwa na mkebe wa mafuta ya Kimbo wenye majani mabichi ya sukuma wiki, na ndani ya majani kulikuwa na maua ya njano, ya tango la kawaida kabisa, aliyoyachuma kwa mkulima mmoja kule Soy. Tulikuwa tumesimama wote: Mwalimu na koti lake, Ezra, fundi mwenye jembe la sururu, Senje akiwa ameshika leso kwa mikono miwili.

"Hii kazi ni ya vidole vidogo," alisema Bwana Shamba. "Kijana, kuja. Utachukua hii ua, utoe hizi majani zake za njano, ubaki na hii ya katikati. Halafu uingize ndani ya ua ya hapa kwenu, uguse polepole. Kila moja. Kabla jua ikue kali."

Sikusogea.

"Kuja."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?" aliuliza Mwalimu.

Nilitazama buti za Bwana Shamba. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa kwa wiki mbili, na sasa walikuwa wananiambia niyaguse tena, yale machache yaliyobaki, kwa mkono uleule. "Mkono wangu ni mbaya," nikasema. "Niliyahesabu na kidole. Ndiyo yanakufa."

Fundi aliangua kicheko hadi akaegemea sururu. Ezra alicheka. Hata Mwalimu alifungua mdomo kucheka. Senje peke yake hakucheka, kwa sababu naye alizaliwa kule nilikozaliwa mimi. Aliangalia kidole changu, na nikaona anaelewa zile alama za meno.

"Wewe kijana," Bwana Shamba alisema, akachuchumaa, "sikiza. Kidole haiui tango. Tazama hapa. Hii ua yenu iko na mtoto nyuma, unaona? Hii ni mama. Hii ya kule Soy haina kitu nyuma. Hii ni baba. Hapa kwenu nimetembea shamba yote, ni mama peke yake. Baba hakuna hata mmoja. Sasa mtoto atakua aje?"

Ilikuwa kana kwamba mtu amenitua gunia kutoka shingoni. Nilivuta hewa. Nadhani ndiyo pumzi ndefu kuliko zote nilizowahi kuvuta katika mji ule. Haikudumu.

"Haibridi ya aina hii," aliendelea, sasa akimwambia Mwalimu, "wanaweka baba kidogo ndani ya paketi. Wanazipaka rangi ndiyo mtu azijue. Zilikuwa kama saba, nane hivi. Ziko wapi?"

Mwalimu alimgeukia Senje taratibu, kama walimu wanavyogeuka, wakikupa muda wa kusema mwenyewe.

"Mama Kijana. Nilisema paketi yote."

Ezra aliacha kucheka. "Baba, si nilikwambia? Ulimwambia afuate. Nilikuwa hapo nikisikia."

Senje alifungua mdomo. Leso mikononi mwake ilikuwa imesokotwa kama kamba. Nilijua atakachosema, kwa sababu hakuwa mtu wa kuongopa. Angesema, ndiyo, nilizitupa, na fundi angeinua sururu. Nami nilikuwa nimebeba hatia kwa wiki mbili, nilikuwa nimeizoea, nilijua inakaa wapi mwilini. Nilikuwa na nafasi ya kubeba na hii.

"Ni mimi niliyezitupa," nikasema. "Chooni."

Hadi hapo hapakuwa na uongo.

"Nani alikutuma?" Ezra aliuliza.

"Hakuna. Nilizichukua nichezee. Halafu nikaogopa dawa, nikazitupa. Senje hajui."

Nikamtazama Senje ili aone kwamba nimemaliza. Alikuwa amenikazia macho, na kitu fulani kilipita usoni mwake ambacho sikuwa na jina lake wakati ule. Kisha akaja hatua mbili akanipiga kofi. Moja, la wazi, la kusikika hadi barabarani. Hakuwa amewahi kunipiga.

"Usimpige mtoto," Mwalimu alisema. "Mtoto atajua haibridi wapi?" Alivuta koti lake likae vizuri. "Mama alifanya vile nilimwambia. Msimu ni wake. Ezra, mwambie fundi aende akanywe chai."

Nilifanya kazi ile yote kwa mkono wa kulia, ua baada ya ua, shavu likinichoma, Bwana Shamba akinifuata na mkebe. "Polepole," alikuwa akisema. "Namna hiyo. Wewe utakuwa mkulima." Wiki ile matango hayakugeuka njano. Yalinenepa, yakanyooka, yakawa kama yale ya kwenye picha. Mawe ya Ezra yalipakiwa yakapelekwa mahali pengine.

Tango la kwanza Senje alilikata jikoni, akalipaka chumvi, akanipa lote. Ile harufu ikajaa chumba. Nilimwambia naye ale. Alisema hana njaa.

Nilidhani tumeshinda. Mtoto hudhani ukimwokoa mtu atakupenda zaidi. Senje alinitendea mema mengi kuliko awali: viatu vya ngozi, nyama ya kwanza katika bakuli, karo hadi kidato cha nne bila kukosa hata muhula mmoja. Lakini hakuniita baba tena. Aliniita kwa jina langu, kama mgeni. Alinipa chakula akitazama sufuria. Nikiingia, alipata kitu cha kufanya nje. Majirani waliendelea kumwita Mama Kijana naye aliitika, ila sasa alikuwa anainama kidogo akiitika. Ezra alikuwa akinitania kila tukikutana, "Mtupa mbegu, habari yako?", na Senje akiwapo aliondoka kimyakimya. Miaka mingi nilifikiri ananiona mwongo na kwamba amenichukia kwa hilo. Ndiyo sababu nilipomaliza shule sikungoja hata matokeo. Nilipata nafasi kwa watu waliokuwa wakichimba visima Turkana, nikamwambia usiku mmoja, na asubuhi nikawa tayari.

Alinisindikiza hadi langoni. Alikuwa ameanza kupata mvi. Tulisimama pale kama watu wanaongoja kitu kipite barabarani, na hakuna kilichopita.

"Ile siku ya mbegu," alisema. "Nilikuacha useme."

"Najua, Senje."

"Sikukutuma."

"Hukunituma."

"Lakini nilikuacha. Halafu nikakupiga." Ni kama alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi mahali pengine, mbele ya mtu mwingine. "Nilikupiga ili waamini. Mtoto wa watu. Kila nikikuangalia naona mkono wangu."

Nilikuwa na mambo mengi ya kumjibu, na nimeyapata yote tangu wakati huo, barabarani, katika miji ambayo hanijui mtu. Pale langoni nilipata moja tu. Nilimwambia asijali. Nilimwambia hata sikuwa nalikumbuka lile kofi, na kwamba nitarudi Krismasi, tutakaa, tutaongea.

Alitikisa kichwa. Kisha akaniangalia machoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi.

"Usinidanganyie tena kunisaidia," alisema. "Sema tu unaenda."

"Naenda, Senje," nikasema.

"Haya. Enda, baba."